Jinsi ya kuchora grafu ya filta ya sabufa kwa simu, mita na karatasi

Kuna sabufa moja niliijenga mwenyewe, boksi la mbao safi, spika ya inchi nane, bodi ya amplifaya ya IC ya TDA2030, na filta, yaani ile sakiti inayopitisha beki (besi, zile sauti nzito za chini) na kukata za juu, nikaipigia hesabu vizuri tu ili ikate kwenye 106Hz. Nikawasha redio, hapo ndio nikachoka, mtangazaji wa taarifa ya habari anasikika kwenye sabufa kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Sabufa haitakiwi kuongea aisee, kazi yake kudunda. Nikabadilisha kapasita, nikabadilisha resista, nikamtukana kimoyomoyo aliyeniuzia, siku mbili nazunguka palepale. Siku ya tatu nikakaa chini na karatasi nikaichora grafu ya ile filta, frikwensi moja baada ya nyingine, ikiwa imefungwa kwenye bodi yake vilevile inavyofanya kazi, na haikuisha nusu saa ugonjwa ukawa umejianika wenyewe.

Naandika hapa nilivyofanya, kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anavyo mezani. Kama una oskiloskopu na jenereta ya signo hongera, kazi yako itakuwa nyepesi zaidi, ila hatua ni zilezile.

Tunachora nini hasa

Mstari wa kulala unaweka frikwensi. Mstari wa kusimama unaweka signo imetoka kiasi gani ukilinganisha na iliyoingia. Basi. Umeingiza volti 1 ikatoka 0.7, unaweka nukta, unabadilisha frikwensi, unapima tena, unaweka nukta nyingine, mwisho unaunganisha nukta.

Sasa shida ni kwamba ukichora hizo volti kama zilivyo grafu inakuwa haina maana, kwa sababu filta ikishaanza kukata volti zinashuka mpaka 0.05, 0.02, na zote zinaenda kulala chini kabisa kwenye mstari huwezi hata kuzitofautisha, wakati sikio lako linazisikia vizuri sana. Ndio maana tunatumia desibeli:

dB = 20 × log (volti iliyotoka ÷ volti iliyoingia)

Hapo kwenye kalkuleta wengi wanaingia chaka, wanabonyeza ln badala ya log. Jipime hivi kabla hujaanza: weka 0.5, chukua log, zidisha kwa 20. Ikija -6.02 uko sawa. Ikija -13.86 umebonyeza ln na grafu yako nzima itakuwa ya uongo, filta ya kawaida utaiona kama inakata kwa shoka.

Kuna namba chache ukizishika kichwani hutahitaji kalkuleta kila saa. Signo ikibaki 0.707 hiyo ni -3dB, ikibaki nusu ni -6dB, ikibaki moja ya kumi ni -20dB, moja ya mia ni -40dB. Ile ya -3dB ndio tunaiita kona ya filta, sehemu ambapo nguvu imebaki nusu.

Na frikwensi nayo tunaiweka kwa logi, kwa sababu kutoka 20Hz kwenda 40Hz na kutoka 2000Hz kwenda 4000Hz kwa sikio ni hatua ileile moja, ni oktavu. Ukichora kwa skeli ya kawaida mpaka 10kHz, beki yote unayoitaka itabanwa kwenye milimita mbili za kwanza. Mtu ambaye jina lake limebaki kwenye uchoraji huu ni Hendrik Bode, alikuwa Bell Labs kule Marekani miaka ya 1930 akihangaika na amplifaya za simu, ndio maana kwenye vitabu utakuta wanaiita grafu ya Bode.

Hesabu kwanza, ili ujue unatarajia nini

Filta yangu ilikuwa rahisi kuliko zote, resista moja ya 15k kwenye njia ya signo, halafu kapasita moja ya 104, yaani 100nF, kutoka pale kwenda graundi. Kona yake unaipata kwa 1 ÷ (2π × R × C), lakini mimi hizo sifuri zinanichanganya kwa hiyo nimejiwekea njia ya mkato: 159155 gawanya kwa (R ya kilo-omu mara C ya nanofaradi). Hapa ni 159155 ÷ (15 × 100), inakuja 106Hz. Umemaliza.

Kwa frikwensi nyingine yoyote, signo inayobaki ni 1 ÷ √(1 + (f ÷ kona)²). Kwa volti 1 iliyoingia nikapata hivi:

20Hz – 0.983V – dB -0.15
40Hz – 0.936V – dB -0.6
106Hz – 0.707V – dB -3
200Hz – 0.469V – dB -6.6
500Hz – 0.208V – dB -13.7
1000Hz – 0.106V – dB -19.5
2000Hz – 0.053V – dB -25.5
5000Hz – 0.021V – dB -33.5

Ukiangalia kutoka 500 kwenda 5000 imeshuka karibu 20dB. Filta ya resista moja na kapasita moja ndio spidi yake hiyo, 20dB kwa kila mara kumi, au 6dB kwa kila oktavu, hata ufanyeje haiendi zaidi ya hapo.

Kama hutaki hesabu za nukta nukta, kuna njia ya haraka, unachora kwa rula mistari miwili tu. Wa kwanza umelala kwenye 0dB mpaka kwenye kona. Wa pili unaanza palepale kwenye kona unateremka 20dB kwa kila mara kumi. Halafu unalainisha ile pembe kwa mkono: kwenye kona yenyewe unashuka 3dB, kwenye nusu ya kona (hapa 53Hz) unashuka 1dB, na kwenye mara mbili ya kona (212Hz) unapita 1dB chini ya mstari wa rula, yaani kwenye -7. Nukta tatu tu, unapitisha penseli, na grafu inatoka vizuri kiasi kwamba huwezi kuitofautisha na ya kompyuta kwa macho.

Karatasi ya logi unajitengenezea

Karatasi ya logi ya kununua kwenye steshenari utatafuta mpaka uchoke, utapewa ya grafu ya kawaida ya milimita. Chukua hiyohiyo, ilaze kwa upana. Kila mara kumi ipe sentimita 8. Yaani kutoka 10Hz mpaka 100Hz sentimita 8, 100 mpaka 1000 nyingine 8, 1000 mpaka 10kHz nyingine 8, jumla 24, inaenea kwenye A4 na nafasi ya kuandika pembeni inabaki.

Sasa ndani ya hizo sentimita 8 alama hazikai sawasawa. Kutoka mwanzo wa kipande, alama ya 2 iko sentimita 2.4, ya 3 iko 3.8, ya 4 iko 4.8, ya 5 iko 5.6, ya 6 iko 6.2, ya 7 iko 6.8, ya 8 iko 7.2, ya 9 iko 7.6. Vipande vyote vitatu vinafuata hivyohivyo, kwa hiyo alama ya 20Hz, 200Hz na 2000Hz zote zinakaa 2.4 kutoka mwanzo wa kipande chake. Kata kipande cha kadibodi uweke alama hizo mara moja tu, kinakuwa rula yako ya logi maisha yote. Changu kimetoka kwenye boksi la viatu.

Wa kusimama mimi naupa sentimita 1 kwa 3dB. Watu wengi wanaweka 10dB kwa sentimita 2 au vyovyote, sio mbaya, ila ukiweka 3 kwa 1 ile kona ya -3 inaangukia juu ya mstari mnene wa karatasi, unaiona bila kupima. Anzia +6 juu mpaka -42 chini, ni sentimita 16.

Signo unaitoa wapi

Simu. Kuna programu chungu nzima za bure za kutoa toni, unaandika 200Hz inatoa 200Hz safi. Muhimu uchague wimbi la saini (sine), usiweke la mraba (square), maana wimbi la mraba limebeba frikwensi nyingine kibao ndani yake na filta itazikata kwa viwango tofauti, utapima mchanganyiko. Tumia waya wa jeki ya simu kwenda zile pini mbili za RCA na uchukue chaneli moja tu, ya pili iache. Simu isiyo na tundu la jeki, weka adapta yake.

Kabla ya yote ingia kwenye setingi za simu uzime ekwalaiza na yale mambo yote ya kuboresha sauti. Nimeshapoteza jioni nzima nikishangaa filta yangu inapandisha beki, kumbe ni simu.

Na simu iwe imechomolewa kwenye chaji. Laptopu pia kama unatumia, iende kwa betri. Umeme wetu ni wa 50Hz na ile huuum yake ikiingia kwenye vipimo itakupandishia namba, hasa kule chini ambako signo imebaki kidogo. Kwa sababu hiyohiyo mimi sipimi kwenye 50Hz kabisa, napima 40 na 60. Ukitaka kujua huum umeibeba kiasi gani, sitisha toni bila kuchomoa chochote uangalie mita inasoma nini. Ikisoma milivolti 8 na wewe unataka kupima milivolti 10, hapo hamna kipimo.

Mita

Hapa niwe mkweli, ile mita ya njano ya bei chee, DT-830 na ndugu zake, haikufai moja kwa moja. Kwenye AC ina renji mbili tu, 200V na 750V, na kwenye 200V tarakimu ya mwisho ni 0.1V. Umeingiza nusu volti, filta ikikata unasoma 0.1, halafu 0, mchezo umeisha. Tena kijitabu chake kinasema AC yake ni ya 45Hz mpaka 450Hz. Tafuta mita yenye renji ya milivolti za AC, sio lazima iwe ya gharama kubwa.

Kama huna kabisa na filta yako ni ya resista na kapasita tu, kuna ujanja, pitisha toni ya simu kwenye amplifaya yoyote uliyonayo, toa kwenye waya za spika volti 8 hivi, hiyo ndio uingize kwenye filta. Sasa hata mita ya 0.1 inakupa mahali pa kusoma. Ila angalia, amplifaya nyingine, hasa za gari, waya zote mbili za spika ziko hai, hakuna graundi, ukiunganisha hasi ya spika na graundi ya kitu kingine unaiua. Na usijaribu ujanja huu kwenye filta yenye IC, volti 8 zinaweza kuwa nyingi kwake.

Kitu kinachookoa mita za kawaida ni kwamba sisi tunatafuta uwiano. Mita ikiwa inasoma pungufu kidogo kwenye 2kHz, itasoma pungufu kwenye kuingia na kwenye kutoka, ukigawanya kosa linajifuta. Kwa masharti mawili: utumie mita ileile na renji ileile, na upime kuingia upya kwa KILA frikwensi. Usipime kuingia mara moja ukajipa moyo kwamba simu inatoa volti ileile kila mahali.

Basi unapanga safu nne kwenye daftari: frikwensi, kuingia, kutoka, dB. Frikwensi za kuanzia 20, 40, 60, 80, 100, 120, 150, 200, 300, 500, 1000, 2000, 5000. Unaona nimezibana karibu na kona na kuziachia mbali, huko mbali mstari umenyooka tu hamna habari mpya, habari yote iko pale inapokunja. Ukiona nukta moja imeruka peke yake nje ya wenzake usiilazimishe grafu iifuate, rudia kipimo kwanza, mara nyingi ni klipu ya waya imelegea au umesoma renji vibaya.

Sasa ule ugonjwa wangu

Nilianza kuipima filta ikiwa peke yake mezani. Ikatoka nzuri, karibu sawa na hesabu, kona kama 110 hivi, na tofauti hiyo haina neno. Kapasita ya 104 ikiwa na herufi J inaruhusiwa kupotea asilimia 5, K asilimia 10, M asilimia 20, kwa hiyo kona kusogea hertzi chache usiumize kichwa. Nikasema basi filta nzima, tatizo liko kwenye boksi au spika.

Halafu nikapata wazo la kuipima ikiwa imefungwa kwenye bodi. Nikatoa spika, bodi nikaiwasha, nikapima palepale filta inapoingia kwenye bodi, simu inatoa 0.50V. Zikaja hizi:

40Hz – 0.290V – dB -4.7
100Hz – 0.259V – dB -5.7
200Hz – 0.198V – dB -8.0
500Hz – 0.100V – dB -14.0
1000Hz – 0.052V – dB -19.6

Ziangalie hizo namba polepole ukizilinganisha na zile za juu. Huku kwenye 1000Hz ni ileile, -19.5 na -19.6. Kwenye 500 karibu ileile. Lakini kwenye 40Hz, mahali ambapo beki yenyewe inaishi, ilitakiwa iwe -0.6 na imekuwa -4.7. Yaani sauti ya mtangazaji haijaongezeka hata kidogo, ni beki ndio imeliwa! Na mimi nikisikia beki ndogo nafanya nini, naongeza volyumu, na nikiongeza volyumu mtangazaji naye anapanda. Sikio langu likaniambia "filta haikati" wakati kukata inakata, inachofanya ni kuinyima sabufa chakula chake.

Sababu ukiigeuza bodi utaiona, kwenye mlango wa kuingilia wa TDA2030 kuna resista ya 22k kwenda graundi, iko kwenye mchoro wa kawaida kabisa wa IC hiyo. Mimi nimeweka 15k mbele yake. Hizo mbili zinagawana volti, 22 ÷ (15 + 22) ni 0.595, ambayo ni -4.5dB kabla kapasita haijafanya chochote. Na kona nayo inahama, kwa sababu kapasita haioni tena 15k, inaona 15k na 22k zikiwa sambamba, ambazo ni 8.9k. Weka kwenye ile njia ya mkato: 159155 ÷ (8.92 × 100) = 178Hz. Filta niliyoipigia hesabu ya 106 ilikuwa inafanya kazi kama ya 178, na hesabu yangu haikuwa na kosa lolote, ila ilikuwa hesabu ya filta isiyounganishwa na kitu.

Kwenye grafu kona hiyo unaipata hivi: sehemu iliyolala iko kwenye -4.5, toa 3 inakuwa -7.5, fuata mstari wa -7.5 mpaka ukutane na grafu, teremka chini usome frikwensi. Usiende kutafuta -3 moja kwa moja, hapa hutaikuta kabisa, grafu yote iko chini yake. Kosa hili nimeliona kwa vijana wa chuo wanaokuja kwangu field, wameshakariri "minus tatu" kama sala.

Toka siku hiyo sipimi tena filta ikiwa uchi. Napima na mzigo wake.

Tiba, na grafu ya pili

Dawa ya haraka ni kuweka bafa kati ya filta na bodi, nusu ya IC ya 4558 au TL072 (ndani zina op-amp mbili), pini ya kutoka imerudishwa kwenye hasi, IC inapokea bila kuvuta kitu na inatoa ikiwa na nguvu ya kuisukuma ile 22k. Beki yako inarudi.

Ila nikajiambia kama IC naweka basi niifanyishe kazi zaidi, nikageuza iwe filta ya mteremko wa pili, ile ya Sallen-Key, ya jamaa wawili wa MIT waliyoitoa mwaka 1955. Resista mbili za 15k zinafuatana, kapasita mbili za 104, moja inatoka katikati ya resista kwenda kwenye mlango wa kutokea wa IC, nyingine inatoka mguu chanya kwenda graundi. Kwenye mguu hasi unaweka 10k kwenda graundi na 5.6k kutoka mlango wa kutokea. Kona inabaki 106Hz, ila mteremko sasa ni 40dB kwa kila mara kumi.

Hizo mbili za mwisho, 5.6k na 10k, ndio zinaamua sura ya grafu. Zinatoa gein, yaani kuikuza signo, ya mara 1.56, na ukiwa karibu na 1.586 unapata grafu iliyolala vizuri halafu ikakunja bila kilima, ile ya Butterworth, Mwingereza aliyeiandika mwaka 1930. Ukiweka 10k na 10k gein inakuwa 2 na grafu inaota kilima cha 1.25dB kwenye 75Hz hivi, wengine wanakipenda, inadunda kidogo zaidi. Ukizidi kupandisha kilima kinakuwa mlima, na gein ikifika 3 inakuwa sio filta tena, inaanza kupiga kelele yenyewe bila signo. Nimeshafanya, niliweka 22k mahali pa 5.6k kwa kutosoma rangi vizuri, jirani akaja kuuliza.

Nikaichora tena juu ya karatasi ileile kwa kalamu nyekundu. Inaanzia +3.9dB, kwa sababu ya ile gein. Kwa hiyo kona yake hapa ni kwenye +0.9, unaona tena habari ya "minus tatu" ilivyo, unatoa 3 kutoka pale ilipolala. Kwenye 200Hz iko -7.6, kwenye 500Hz iko -23, kwenye 1000Hz iko -35, na huko milivolti zimebaki chache kiasi kwamba ile huum ya umeme niliyoisema ndio utaiona kazi yake.

Kwa lugha ya sikio ni hivi. Zamani 500Hz, ambako maneno ya mtu yapo, ilikuwa chini ya beki kwa 9.5dB tu. Sasa iko chini kwa 27dB. Nikawasha redio muda wa taarifa ya habari, sabufa kimya, ukiweka kiganja kwenye koni unahisi kama kuna mtu anagugumia chumba cha mbali.

Ukiwa na kompyuta

Kama karatasi hutaki, fungua Excel au LibreOffice Calc, frikwensi safu A, kuingia B, kutoka C, na safu D andika =20*LOG10(C2/B2) uburute mpaka chini. Kwenye kuchora chagua ile aina ya nukta za XY, usichague ya mistari, maana ile ya mistari inapanga frikwensi zako kama majina tu, 20, 40, 60, 5000 zote umbali sawa, na grafu inatoka imekunjika ajabu. Halafu bofya mstari wa chini mara mbili uweke tiki kwenye skeli ya logi.

LTspice, programu ya kuigiza sakiti kwenye kompyuta, ni ya bure na ni nzuri sana kujua unatarajia nini, unachora sakiti, chanzo cha signo unakiandikia AC 1, unaweka amri .ac dec 100 10 10k, unabofya waya wa kutokea na grafu inakuja, desibeli na fezi (signo imechelewa kiasi gani) kwa pamoja. Fezi kwa sabufa moja mimi siihangaikii, kwa filta ya RC jua tu kwamba kwenye kona signo imechelewa nyuzi 45. Ila na huko LTspice usisahau kuchora ile 22k ya bodi, usipoichora itakupa uongo uleule niliojipa mwenyewe kwa kalkuleta.

Na kuna REW (Room EQ Wizard), programu ya kupima sauti, ya bure pia, inatumia saundi kadi ya laptopu, inapiga toni inayopanda kutoka chini mpaka juu na kuchora grafu yote kwa sekunde chache. Kwanza unaunganisha kutoka na kuingia kwa waya mtupu bila filta, unapima hivyo, inaihifadhi kama kipimo cha saundi kadi yenyewe na kuitoa kwenye vipimo vinavyofuata. Ukiruka hatua hiyo umepima laptopu. Tundu la maiki la laptopu nyingi linajirekebisha sauti lenyewe, lizime hilo, au nunua saundi kadi ndogo ya USB yenye tundu la line in. Na kamwe usiingize waya za spika moja kwa moja humo, utaichoma.

Mimi bado ya karatasi ndio naiamini zaidi nikiwa kwa mteja. Ile ya kwanza yenye mistari miwili, ya penseli na nyekundu, nimeibandika ndani ya boksi la sabufa nyuma ya bodi, na pembeni nimeandika kwa kalamu ya maki "mzigo 22k", ili fundi atakayeifungua baada yangu asianze kubadilisha kapasita.